Baba anaona vizuri, kwa nini apigwe leza?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 56, na huu ni mwaka wa 13 tangu aambiwe ana kisukari. Ni dereva wa Fuso, anabeba mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Dar es Salaam, mara nyingi usiku. Miezi miwili iliyopita jicho lake la kulia lilianza kuona vitu kama nzi weusi wanaoelea, baada ya wiki vikapungua. Tulimpeleka hospitali hapa Morogoro, tukapewa rufaa, na huko walimpanua macho wakasema mishipa mipya imeota kwenye retina, anahitaji leza macho yote mawili, vipindi vitatu kila jicho. Baba hataki. Anasema anaona vizuri. Jirani yetu alifanyiwa leza ya kisukari na leo anaongozwa na mjukuu. Lakini mama mdogo alifanyiwa leza dakika tano tu, kesho yake akawa anasoma. Tushike lipi? Inauma? Mionzi hiyo haileti kansa? Na hakuna dawa au sindano badala yake? Mdogo wangu wa kiume naye anachoma insulini tangu akiwa na miaka 12, sasa ana 21, lakini yeye macho hayamsumbui.

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Umeuliza mengi kwa mpigo, nami sitayafuata kwa zamu. Nianze na lile neno la baba mwenyewe, kwamba anaona vizuri.

Nalisikia karibu kila siku ya kliniki, na ugumu wake ni kwamba mgonjwa anasema kweli. Mkalishe baba yako mbele ya ubao wa herufi, huenda akashuka mpaka mstari wa mwisho bila kukwama. Mara nyingi kisukari kikiingia jichoni hufanya kazi yake pembeni kwanza. Kile kitovu cha retina tunachosomea, tunachotambulia sura za watu na namba za magari, kinaweza kubaki kizima kwa miaka, na siku mambo yakiharibika hayapigi hodi. Mweleze kwa lugha ya kazi yake: Fuso inayovuja oili bado inavuta mzigo kutoka Gairo mpaka Chalinze. Dereva anayengoja izime ndipo achungulie oili, siku hiyo hatanunua oili, atanunua injini.

Kinachoendelea huko nyuma ni hivi. Retina ni utando mwembamba uliotandazwa kwenye ukuta wa ndani wa jicho, na kwa udogo wake unatumia oksijeni nyingi mno. Sukari ikikaa juu miaka na miaka, vile vimishipa vyembamba kuliko unywele vinavyoilisha retina vinachakaa. Vingine vinavuja, vingine vinaziba kabisa. Sehemu iliyozibiwa inashikwa na njaa, na retina yenye njaa hainyamazi: inatoa kemikali ya kuita mishipa mipya ije kuilisha. Ungedhani ni jambo jema. Kumbe mishipa hiyo inaota ovyo, inatambaa juu ya retina kuelekea kwenye ule ute unaojaza jicho, na kuta zake ni dhaifu kiasi kwamba kuchanika ni suala la muda tu.

Kwa maelezo uliyonipa, wale nzi weusi wa baba yako yaelekea ilikuwa damu. Ilivuja kidogo, ikaelea ndani ya ute, jicho likainyonya polepole, nzi wakapungua. Ugonjwa uliowaleta uko palepale. Safari nyingine damu inaweza kuja nyingi, mtu akalala anaona akaamka jicho limejaa giza jekundu. Na mishipa ile haiachi damu tu. Huzaa makovu, makovu hujikunja, yakijikunja huivuta retina ibanduke ukutani. Hapo leza inakuwa imechelewa na tunazungumzia upasuaji mkubwa.

Sasa hiyo leza yenyewe, na hapa nitasema jambo ambalo wengine hulizunguka: inachoma. Tunachukua mwanga, mara nyingi wa kijani, tunaukusanya uwe mkali, tunapiga vidoa vidogo pembeni mwa retina, kila kimoja kama nusu milimita, tukikiacha kitovu. Kwa mtindo wa zamani jicho moja hupata vidoa kama 1,200 hadi 1,600. Mashine mpya zinazopiga fungu zima la vidoa kwa mkupuo, kila kidoa kwa sehemu ndogo ya sekunde, huhitaji idadi kubwa zaidi ya hiyo. Kila kidoa ni kipande cha retina tunachokiua kwa makusudi. Retina iliyokufa haidai oksijeni, kwa hiyo ile inayobaki inashiba, kelele za njaa zinapungua, na mishipa mipya ikikosa wa kuiita inanyauka katika muda wa wiki kadhaa. Tunatoa pembeni ili kunusuru katikati. Ndiyo maana leza hii haimwongezei mtu uoni. Asiyeambiwa hivyo mapema atatoka siku ya kwanza akijiona ametapeliwa.

Wazo la kuchoma retina kwa mwanga ni kongwe kuliko leza. Daktari mmoja wa macho wa Ujerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, alikutana na watu waliounguzwa retina kwa kulikodolea macho jua lilipopatwa mwaka 1945. Akawaza kwamba kovu lililokuja kwa bahati mbaya linaweza kuwekwa kwa makusudi, mahali panapotakiwa. Alianza kwa kulivuta jua lenyewe kwa vioo mpaka jichoni mwa mgonjwa, na siku ya mawingu kazi hakuna. Baadaye akahamia kwenye taa kali ya umeme. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza kule California mwaka 1960, madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuivizia.

Ushahidi uliokata mzizi wa fitina ulitoka Marekani miaka ya 1970. Walikusanywa watu zaidi ya 1,700 ambao kisukari kimeshaingia machoni. Kila mmoja alipigwa leza jicho moja, la pili likaachwa. Naupenda utafiti ule kwa ujanja wake: kila mgonjwa alilinganishwa na yeye mwenyewe, sukari ileile, presha ileile, ugali uleule. Kufika 1976 tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba wasimamizi hawakuona sababu ya kungoja muda uishe, wakaruhusu na yale macho yaliyoachwa yatibiwe kama yamo hatarini. Leza ilikuwa imepunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu.

Zaidi ya nusu, lakini si wote. Nayasema haya kwa ajili ya jirani yenu. Faili lake sijaliona, siwezi kumhukumu yeye wala aliyemtibu. Ila kwa kawaida anayepofuka baada ya leza anatoka katika moja ya makundi haya. Wa kwanza alifika jicho moja limeshazima na la pili linavuja, mishipa imejaa na retina imeanza kuvutwa, akapigwa leza kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Wa pili alipiga kipindi kimoja, akaona uoni haujaongezeka, au nauli ikakata, hakurudi. Huyu ndiye ninayemwona zaidi. Nusu ya vidoa haileti nusu ya kinga. Retina iliyobaki na njaa inaendelea kuita mishipa. Na wa tatu, tuseme ukweli, alifanya kila kitu sawasawa na jicho likaendelea kuvuja damu hata hivyo, akahitaji upasuaji wa kuuondoa ule ute na kuilaza retina upya. Mtaani wote hawa hukusanywa chini ya sentensi moja: alipigwa leza akapofuka. Anayetibiwa mapema, akabaki anaona kama alivyokuwa, hana habari ya kusimulia kijiweni.

Mama yako mdogo ni hadithi nyingine kabisa. Kwa kukisia, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akawekewa lenzi ya bandia, na baada ya miezi au miaka kile kijifuko kinachoshikilia lenzi kikaingia ukungu. Leza inayotumika hapo haichomi retina. Inapasua kitundu katikati ya ukungu, dakika chache, bila maumivu, na mtu anaona kesho yake au hata siku hiyohiyo. Kuna leza nyingine ya kunyoosha uoni wa wanaotaka kuachana na miwani. Ipo pia ya presha ya macho, na hiyo imefanyiwa utafiti hapahapa kwetu: hospitali ya KCMC, Moshi, walilinganisha leza na matone ya timolol kwa wagonjwa 201 wa glakoma, yaani hiyo presha ya macho, matokeo yakachapishwa 2021, na baada ya mwaka mmoja macho yaliyofanikiwa kwa leza yalikuwa asilimia 61 dhidi ya 31 ya matone. Zote zinaitwa leza. Moto wa kuchemshia chai na moto wa fundi anayechomelea geti vyote ni moto, lakini huulizi mmoja habari za mwenzake. Kwa hiyo mtu akikuambia amefanyiwa leza ya macho, kabla hujamsikiliza zaidi muulize: ya nini?

Swali la maumivu. Nikueleze siku yenyewe inavyokwenda, maana nimegundua woga mwingi unatokana na watu kufikiri wanakwenda kupasuliwa.

Baba asiende na njaa. Wengi huja hawajagusa chai tangu jana, wamechoma insulini yao kama kawaida, na tunaishia kuhangaika na sukari iliyoshuka badala ya kutibu jicho. Ale, anywe dawa zake zote, ya presha pia. Kama anatumia aspirini ya moyo asiiache kwa ajili yetu. Akifika atatiwa matone ya kupanua mboni. Macho yetu meusi huchelewa kufunguka, kwa hiyo asishangae akitiwa mara tatu na kukaa benchi saa nzima. Kisha tone la ganzi, linawasha kidogo halafu jicho linakuwa kama si lake.

Anaketi kwenye kiti, kidevu kwenye kishikizo, paji la uso kwenye ukanda, ni mashine ileile aliyopimiwa mara ya kwanza. Naweka kioo kidogo chenye ute juu ya jicho lake, kinamzuia hata kope isifunge. Taa za chumba zinapunguzwa. Halafu inaanza: tik, tik, tik, na kila mlio ni mwanga wa kijani unaojaza dunia yake yote. Mimi kwa upande wangu naona ukuta wa rangi ya chungwa, na pale ninapopiga panageuka rangi taratibu, kijivu cheupe, kama ute wa yai unapoanza kushika kwenye kikaango. Naanza na nguvu ndogo, napandisha mpaka nione rangi hiyo. Ikizidi weupe nimezidisha moto. Wagonjwa wengi hawasikii kitu kwa dakika za mwanzo. Nikisogea pembeni zaidi, hasa kulia na kushoto ambako mishipa ya fahamu inapita, wanasikia mchomo wa ghafla ndani ya kichwa, kama mtu aliyetafuna barafu. Wengine wanavumilia, wengine machozi yanawatoka, na hakuna aibu. Aseme. Nguvu inapunguzwa, au tunapumzika, au kipindi kijacho anameza panadol nusu saa kabla. Anayeshindwa kabisa huchomwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho. Jambo moja tu silivumilii, ni kuruka. Akitaka kukohoa, kupiga chafya, kumjibu mtu simu, aseme kwanza, niondoe mguu kwenye pedeli. (Simu izimwe. Nimeshaona mzee akigeuka kuitafuta mfukoni katikati ya kazi.)

Dakika kumi hadi ishirini, kwisha. Akitoka, jicho hilo litaona giza la zambarau kwa muda, halafu ukungu kwa siku hiyo, pengine siku kadhaa. Hatafungwa bandeji. Asiendeshe gari siku hiyo, wala asirudi peke yake kwa bodaboda. Awe na mtu, miwani ya jua au kofia pana. Kipindi cha pili huwa baada ya wiki moja au mbili.

Sasa niguse lile ambalo hukuliuliza, na kwa baba yako ndilo zito kuliko yote. Pembeni mwa retina, tunapopachoma, ndipo panapoona gizani na ndipo panapoona vitu vinavyokuja ubavuni. Leza ya macho yote mawili inaweza kupunguza uoni wa usiku na upana wa uoni. Kwa mtu anayekaa dukani ni usumbufu mdogo. Kwa dereva wa Fuso anayepishana na mabasi usiku barabara ya Dodoma, ni kazi yake.

Nilijifunza hili vibaya. Nilipoanza kazi nilimtibu mvuvi wa dagaa, mtu wa makamo, jicho moja baada ya jingine, kazi safi niliyojivunia. Nilimweleza upofu, nilimweleza maumivu, sikumuuliza anavua saa ngapi. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, mwezi usipokuwapo. Alirudi baada ya miezi mitatu, hakuwa na ukali, aliniambia tu kwamba siku hizi akitoka kwenye mwanga wa taa hawaoni wenzake walio upande wa pili wa mtumbwi. Macho yake mpaka leo yanasoma herufi vizuri. Ninge­mtibu vilevile, sina shaka, maana alikuwa anaelekea gizani. Lakini angeamua akijua, angejipanga, pengine angehamia kwenye biashara ya kuanika kabla hajalazimika. Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa mgonjwa wa leza ni: unafanya kazi gani, na unaifanya saa ngapi?

Kwa hiyo baba aende akijua kwamba safari za usiku huenda zikaisha, na kwamba baada ya vipindi vyote inabidi apimwe upana wa uoni kabla ya kurudi barabarani hata mchana. Najua maana ya maneno haya kwenye nyumba inayokula kwa lori hilo. Ila upande wa pili wa mizani si uendeshaji wa usiku kama alionao leo. Ni damu kumjaa jichoni akiwa kwenye usukani, na tani za mahindi nyuma yake. Kwa kweli kwa jicho lililokwisha kuvuja mara moja, ningependa asiendeshe usiku hata kabla ya leza.

Ndiyo, sindano zipo. Huchomwa ndani ya jicho, kwa ganzi, na kazi yake ni kuizima ile kemikali inayoita mishipa. Zinafanya kazi haraka, ndani ya siku chache mishipa inaanza kusinyaa, na hazichukui uoni wa pembeni kama leza. Mwaka 2015 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kwa miaka miwili sindano hazikuwa nyuma ya leza kwenye ugonjwa huu wa baba yako. Na kama kitovu cha retina kimevimba kwa maji, siku hizi sindano ndiyo tunayoanza nayo. Ubaya wake ni kwamba dawa inaisha nguvu, kwa kawaida ndani ya mwezi au miwili, na inatakiwa irudiwe, mara nyingi mwanzoni, kwa miezi na miezi. Mgonjwa wa sindano anayepotea ananitisha kuliko wa leza anayepotea. Leza ikishapigwa yote, imepigwa, inakaa. Sindano ikikatika, njaa inarudi na mishipa inarudi nayo, na mtu anarejea baada ya mwaka retina imevutwa mpaka katikati.

Ndiyo sababu kwa mtu ambaye leo yuko Kibaigwa, kesho Manzese, na keshokutwa hajulikani, mimi ningechagua leza. Kama angekuwa tayari kuegesha gari na kuhudhuria kila mwezi bila kukosa, na bima inalipia au familia ina uwezo, ningekaa naye tuzungumze sindano kwa uzito, hasa kwa ajili ya huo uoni wa usiku. Wakati mwingine tunafanya vyote viwili. Hilo mlizungumze na daktari aliyemwona, na mmuulize pia kama kitovu kimepigwa picha kuona kama kimevimba, kwa sababu leza ya pembeni inaweza kuuzidisha uvimbe uliokwisha kuwapo. Muulizeni ataanza na jicho lipi na kwa nini. Bei nayo muiulize mapema, ni ya kipindi au ya jicho zima? Nimeona familia zikijichanga za kipindi kimoja zikidhani zimemaliza.

Kansa, hapana. Neno "mionzi" ndilo linalowachanganya watu. Mwanga wa leza hii ni mwanga wa kuonekana, rangi ya kijani kama taa za barabarani, ila umekusanywa. Hauna uwezo wa kuvuruga chembe za urithi kama eksirei, na hausambai mwilini. Hatari yake ni joto, pale unapogonga. Ukigonga kitovu kwa makosa, uoni wa kusoma unapotea hapohapo, ndiyo maana nasisitiza habari ya kutulia na ndiyo maana ni kazi ya daktari wa macho aliyefunzwa leza ya retina. Ukitaka kuogopa leza, ogopa zile tochi za leza wanazochezea watoto, nyingine ni kali kuliko zinavyoandikwa na zimeshaunguza vitovu vya macho.

Leza haitibu kisukari, hili mnalijua, lakini sukari na presha ndizo zitakazoamua kama kazi yetu itadumu. Angalizo moja tu: baba asije akashtuka akaamua kuishusha sukari kwa pupa wiki hii. Sukari iliyokaa juu kwa miaka ikiporomoshwa ghafla, macho yanaweza kuharibika zaidi kwa muda kabla hayajatengemaa. Ishushwe na daktari wake wa kisukari, naye aambiwe kuhusu leza, apime na figo, kwa sababu vimishipa vya figo ni ndugu wa vile vya retina. Asali, maji ya majani, chochote cha kudondoshea jichoni, achaneni nacho. Hakifiki huko nyuma.

Usimsubirishe sana. Kwa jicho lililokwisha kuvuja, mimi huhesabu kwa wiki. Wakirudi wale nzi kwa wingi, au akiona pazia linashuka, au jicho likauma na kuwa jekundu, nendeni siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kadi.

Na huyo mdogo wako. Miaka tisa ya insulini, macho hayamsumbui, sawa na ya baba yenu. Alipaswa kuanza kupimwa retina ndani ya miaka mitano tangu aanze kuugua, halafu kila mwaka. Siku mtakayompeleka mzee, aje naye, atiwe matone wakati baba yupo kwenye kiti. Watarudi wote wawili hawaoni vizuri, kwa hiyo uwe wewe wa kuwashika mkono mpaka stendi.